Shujaa Aliyebeba Mlango

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzifikishe kwa wote walio nyumbani. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba dawa unazinywa badala ya kuzihifadhi kabatini. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka. Nilidhani kustaafu ualimu ni kupumzika.

Kama ujuavyo, mwanao ndiye aliyenitafutia kibarua katika kampuni yao ya kutengeneza michezo ya kompyuta. Katika mchezo wao, timu mbili za mashujaa hufyatuliana risasi, na kila shujaa, kabla ya kuua, lazima aseme jambo. Mimi husahihisha hayo wanayoyasema. Nimekwisha kusahihisha vitisho mia tatu na kumi. Vijana wa hapa huniita Mzee Nukta, nami huitika.

Mwezi uliopita walihitaji shujaa mpya wa kuikinga timu. Mkuu wa wabunifu, kijana mwenye ndevu nyingi kuliko subira, aliwakumbusha kwamba mchezaji ana sekunde moja tu ya kumtambua aliye mbele yake. Kwa hiyo, alisema, pandikizi la mtu hukinga, mwembamba hutibu, mwenye kofia hupiga kutoka mbali, na anayecheka ovyo ndiye mwenye mabomu. Mwanao akamjibu kwamba mashujaa wa namna hiyo wamekwisha kuzaliwa katika michezo ya watu wengine, na wao kazi yao imebaki kuwabadilisha nguo. Chumba kizima kilicheka. Mkuu hakucheka, alimwambia basi amlete huyo ambaye hajazaliwa.

Akamleta. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa makamo, asiye na ngao wala kofia ya chuma. Mgongoni amebeba mlango wa mbao, bawaba zikining'inia. Adui wakija, huusimamisha mlango ule, na wenzake hujificha nyuma yake.

Bila shaka umemtambua. Ni mama yetu, miaka ile tulipokuwa tukihama kutoka nyumba moja ya kupanga hadi nyingine, naye akiung'oa mlango alioununua mwenyewe na kuubeba, kwa kuwa hakuiamini milango ya wenye nyumba. Wewe ndiye uliyemsimulia mwanao. Mimi hakuniuliza, nami sikumwambia kwamba nimemtambua.

Wana desturi ya kumjaribu kila shujaa kwa siku tatu. Wachezaji kumi na wawili huonyeshwa kivuli chake kwa sekunde moja, waseme kazi yake ni ipi, kisha hucheza naye. Kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, nilipewa kazi ya kuandika majibu na kuyapeleka kwa mkuu. Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Mmoja alisema ni seremala. Mwingine alisema ni mwizi. Wanane walisema ni mganga, wakamkimbilia awatibu, wakauawa huku wakimpigia kelele arudishe mlango wa watu. Mwanao alisimama nyuma yao akiuma kucha, na siku mbili zilizofuata hakuingia tena chumbani humo.

Siku ya nne mkuu alitangaza kwamba shujaa yule amekataliwa. Mahali pake pamewekwa pandikizi lenye ngao, nami nimelisahihishia vitisho vyake. Mwanao hakulalamika. Amefungasha vitu vyake, na Ijumaa anarudi kwako. Najua amekuandikia kwamba kazi hii haiwezi, na kwamba hatachora tena. Usimwamini.

Hapa kalamu inaniwia nzito. Siku ya pili watu saba walimtambua kuwa ndiye mwenye kukinga. Siku ya tatu walimtambua kumi na mmoja. Risasi zilipozidi, waliitana wakimbilie kwa mama, na hakuna aliyewafundisha kumwita hivyo. Karatasi za siku hizo mbili sikuzipeleka. Nilizikunja nikazitia katika mfuko wa koti, na mkuu aliponiuliza, nilimjibu kwamba hali haikubadilika. Nilijidanganya kwamba namkinga mama asilengwe risasi na watu wasiomjua. Ukweli ni kwamba kila tulipohama, wewe ulitembea ukimshika nguo, nami nilibaki hatua hamsini nyuma, ili watu wasijue kwamba yule mwenye mlango ni mama yangu. Sikutaka kumwona tena akitembea mbele yangu, kila siku, ukutani pa ofisi.

Leo asubuhi nimezipeleka karatasi zile. Mkuu alizisoma mara mbili, akaniambia nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Kuhusu shujaa hakusema lolote. Kisha nikaenda kwa mwanao, nikamweleza yote, hata zile hatua hamsini. Alinisikiliza akikunja nguo. Hakunitukana, heri angenitukana. Aliniuliza swali moja tu: Mjomba, bibi alijua?

Nilimjibu kwamba alijua. Kila tulipofika kwenye kona, aliutua mlango chini, akasimama bila kugeuka nyuma. Akisikia viatu vyangu vimekaribia, aliubeba tena, akaenda.

Akifika, usinitetee. Ila mkuu akimwita, mhimize arudi. Uliangalie goti lako, na uwasalimie watoto.

Ni mimi,
Kaka yako