Maumivu Yasiyoandikwa

Mama mpendwa,

Huko Kitale mvua imeshaanza? Hapa Kikopey ni vumbi, baridi ya asubuhi na moshi wa nyama choma.

Kwenye utafiti wetu tunarudi katika nyumba zilezile zilizoulizwa zamani kuhusu kuumwa kichwa, tujue kama kipandauso kimeongezeka. Jana nilimkuta mama mmoja anayeuza kachumbari kando ya bucha. Majibu yake ya zamani yalisema anaumwa mara moja moja tu. Sasa anasema ni siku sita kila mwezi, na siku hizo hafungui biashara.

"Kwa hivyo kimezidi?" nikamuuliza.

"Kimezidi kidogo. Lakini hata wakati ule kilinilaza. Ni vile mzee wangu alikuwa ameketi hapo. Ningesema aje? Angeniita mvivu."

Kalamu ilinishinda, Mama. Nilikuona wewe, umefunga pazia mchana, leso imekazwa kichwani, na sisi watoto nje tukinung'unika kwamba umetununia. Hakuna aliyewahi kukuuliza ni siku ngapi. Hata mimi, na siku hizi kuuliza ndiyo kazi yangu.

Nilitaka kukupigia simu, nikaogopa isije ikalia ukiwa umelala na maumivu. Ndiyo maana nakuandikia.

Nina hamu na wewe sana. Nikifika Jumamosi, usiamke kunipikia. Kama kichwa kitakuwa kimekushika, nitaingia polepole nikae kando ya kitanda chako, nikushike mkono.

Binti yako,
Nekesa