Kadi Kumi na Moja za Mjomba Folmer

Lemvig,
Jumapili, 12 Novemba 2017

Mpendwa dada Bodil,

Nakusalimu kutoka kwenye mvua ya wiki ya tatu mfululizo. Hujambo huko Winnipeg? Goti limepona, au bado linakutabiria theluji? Sisi wazima, isipokuwa mke wangu Jytte anachechemea. Alipiga teke kitu, na sababu utaiona mbele.

Baba yako mwili hajambo. Anakula samaki wake wa siki na mkate mweusi kama kawaida. Tarehe mosi Desemba anahamia nyumba ya wazee, kwenye chumba chenye rafu moja tu. Hiyo rafu ndiyo imenishikisha kalamu.

Unaikumbuka amplifaya yake, ile ya taa za kioo aliyoiunda kwa mkono mezani pa jikoni. Kila Jumapili, tangu mama yako afariki, huiwasha na kuweka santuri ya kwaya ya kanisa, ile aliyoimba mama yako. Kabla ya ubeti wa pili, Ellinor wake anasikika akivuta pumzi. Mjomba huinua kidole. Basi, hiyo ndiyo ibada yake.

Sasa sikia uchafu. Ndugu yako Preben amemnunulia amplifaya mpya ya kuweka kwenye rafu ile, bapa kama sanduku la biskuti. Ili kumshawishi, akaipeleka chamani kwetu, kwa wasikilizaji wa Alhamisi. Desturi yetu unaijua: mashine mbili nyuma ya pazia, sauti zikiwa zimesawazishwa, kahawa, keki, na kila mtu anaandika kwenye kadi ipi imempendeza. Mimi ndiye mkusanya kadi.

Tulikuwa kumi na wanne. Kumi na mmoja waliichagua ya mjomba bila kujua ni ya nani. Nami nilikuwa mmoja wao. Mzee alikuwa amekaa karibu na chupa ya kahawa, masikio mekundu kwa furaha.

Hapo Preben akafungua karatasi zake za vipimo vya upotoshaji wa sauti. Mashine yake: sufuri, nukta, halafu sufuri nyingine tatu ndipo inakuja nne. Ya mjomba: asilimia tatu. Yaani katika kila sehemu mia za sauti, tatu mashine imejitilia yenyewe, mwimbaji hakuziimba.

"Mabwana, mmependa uongo," akasema. "Baba, miaka yote hii unatulisha mchuzi tukidhani ni nyama!"

Wakacheka. Kisha, Bodil, wakaanza kuja kwangu mmoja mmoja kudai kadi zao.

"Nirudishie yangu, Asger, nilikuwa na mafua," akasema Mogens, daktari wa ng'ombe.

"Na yangu, sikuvaa miwani," akasema Svend. Miwani, kwa kusikiliza!

Wakafuta, wakaandika upya. Watu wazima, wengine wamezika wake zao na kuendesha biashara, wanaona haya kwa kilichowafurahisha dakika kumi zilizopita. Wala usidhani mimi nilikuwa bora. Nilifuta yangu pia, kimyakimya, ili nisibaki peke yangu.

Mjomba alisema neno moja tu: "Kumbe." Akachukua koti lake.

Jumapili iliyofuata hakuwasha chochote. Wala iliyofuata tena. Nilimkuta amekaa mbele ya santuri ikiwa ndani ya mfuko wake.

"Asger mwanangu," akaniambia, "zamani nilikuwa namsikia Ellinor. Sasa nasikia asilimia tatu."

Nilipomsimulia Jytte, aliuliza, "Na wewe kadi yako uliandika nini?"

"Ya kwanza, au ya pili?"

"Toka jikoni kwangu."

Jana nikaenda nikiwa na uongo nilioutengeneza vizuri: kwamba kipimo cha Preben ni kibovu. Ili upate sura ya ukweli, niliigeuza amplifaya na kufungua bati la chini, nikijifanya nakagua. Ndani, kwa penseli, kwa mwandiko wa baba yako, nikakuta maneno haya: "Januari 1971. Upotoshaji asilimia 3.1. Ellinor kasikiliza. Anasema hapo hapo, usiguse tena."

Uongo wangu ukanifia mdomoni. Nikampa mzee miwani. Akasoma mara mbili.

"Nilikuwa nimeishusha hadi nusu asilimia," akasema polepole. "Nikajivuna. Akaniambia, 'Folmer, umemtoa mtu chumbani.' Nikairudisha. Jamani, mwanamke mkaidi yule! Nilishasahau."

Akaichomeka mwenyewe. Taa zikapata moto, kwaya ikaanza. Kabla ya ubeti wa pili kidole kikapanda. Mimi niliangalia dirishani, mvua ilikuwa na mambo mengi ya kuangaliwa.

Nilimpigia simu Preben nikamsomea yale maandishi. Nilidhani atalia. Badala yake akauliza, "Mwaka huo walitumia kipimo gani?" Jytte alisikia. Lile sanduku la mashine mpya lilikuwa limehifadhiwa kwenye ukumbi wetu, na ndilo lililomvunja kidole cha mguu.

Sasa Preben anasema mtapiga kura, watoto wawili wa mzee, nini kikae kwenye rafu na nini kiende jalalani. Atakupigia wiki hii. Atakutajia zile sufuri zote, moja baada ya nyingine. Mwache amalize, halafu umwambie unachokitaka.

Nisalimie Walter na mapacha. Shangazi Karla anakukumbuka, na baba yako anasema uvae soksi. Mungu akulinde wewe na hilo goti.

Na ukishampa Preben jibu lako, dada, tafadhali usimwombe kadi irudishwe.

Nduguyo anayekupenda na kujionea haya,
Asger