Kubisha Hodi kwa Bibi

Jumamosi, mwezi wa kumi. Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye chumvi. Mbingu ni nyeupe, hakuna wingu. Mvua bado, lakini kila mtu ameanza kutazama paa lake.

Mimi nimetazama paa moja tu, la nyumba ya bibi.

Nyumba hiyo sasa ni yangu, ingawa bado naona haya kulitamka neno hilo. Kabla hajafariki, bibi alisema mbele ya wajomba kwamba nyumba yake ya tembe, yenye paa bapa la udongo, iliyo kando ya njia, apewe yule aliyelala naye na kumtekea maji. Ndiye mimi. Nilipomaliza shule ya misheni mwaka huu nikajikuta mwenye nyumba, na hata kumtazama mgeni usoni siwezi.

Tangu hapo nimekuwa nikilaza wasafiri. Gari moshi halitembei usiku, kwa hiyo likifika Dodoma jioni abiria huteremka na kutafuta pa kujilaza. Kukipambazuka filimbi inalia, wanakimbia. Juzi mchuuzi mmoja wa tumbaku alimuuliza mama yangu, mwenye nyumba yuko wapi. Mama akaninyooshea kidole.

"Huyu? Mbona kajificha nyuma ya mtungi? Au yeye anauza maji?"

Wenzake walicheka. Nami nilicheka, lakini kimoyomoyo.

Halafu wiki hii akaja fundi Salum, mshona nguo kutoka pwani. Anataka nyumba nzima, akae na mkewe na watoto mpaka watoto wakue. Ameonyeshwa nyumba nyingine karibu na stesheni, kwa hiyo alitaka jibu leo.

Nimezunguka na jibu hilo tangu asubuhi kama mtu aliyebeba maji kichwani bila kata. Wasafiri wa usiku mmoja, au watu wa kukaa?

Nilipokuwa mdogo reli haikuwepo. Wasafiri walikuja kwa miguu, wapagazi kutoka Tabora wakiwa na mizigo mabegani, na hawakulala usiku mmoja tu. Walikaa wakiuguza miguu na kutafuta mtama wa njiani, maana mbele yao kulikuwa na nyika isiyo na maji. Bibi alikuwa na desturi yake. Mgeni, kabla hajafungua mzigo, aliingia ndani na kuweka kijiti kimoja cha kuni jikoni. Hata asiye na cha kupika.

"Weka kijiti chako," bibi alikuwa akiwaambia, "ndipo nijue umefika."

Moto wa nyumba ile haukuzimika. Boriti za dari zilikuwa nyeusi, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Mimi nililala nyuma ya ghala la mtama lililokuwa humo ndani, nikisikiliza nyimbo za Kinyamwezi nisizozielewa, na masimulizi ya mito ambayo mpaka leo sijaiona. Hakuna aliyejua kwamba niko macho. Nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Nilimwambia mama kwamba afadhali niendelee na wasafiri, kama bibi. Mama alikuwa anapepeta mtama, hakuinua hata uso.

"Mwanangu, wewe unataka wapangaji au unataka hadithi?"

Kuna jambo ambalo sikumwambia. Siku ambazo hakuna mgeni, naenda peke yangu na kulala kidogo pale nyuma ya ghala.

Nikiwapa watu wa kukaa, sitaingia tena bila kubisha hodi.

Mchana mke wa fundi, Bi Mwanaidi, alikuja kuiona nyumba, mtoto mdogo mgongoni analia. Nilimwamkia shikamoo nikitazama miguu yake. Akaitikia, akauliza jiko liko wapi, mtoto ana njaa. Nikamwonyesha. Majivu yalikuwa ya baridi. Abiria wa gari moshi hawapiki. Wanakuja na viazi na mihogo waliyonunua stesheni, wanakula gizani, wanalala.

Bi Mwanaidi alipiga magoti, akawasha, akapuliza. Moshi ulipanda, ukatambaa kwenye boriti. Na kule juu kitu kikaanza kudondoka. Unga mweupe, mwembamba, juu ya ushungi wake na juu ya mikono yangu.

Mchwa.

Niliitazama dari vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Boriti za bibi zimepauka. Moja imeliwa hadi imekuwa kama sega la nyuki. Juu yake lipo paa zima la udongo, na mvua inakuja.

"Nyumba yako inaliwa, mwanangu," alisema, bila kunisimanga. "Imekosa mtu wa kuipikia, na mchwa huogopa moshi."

Halafu akateleka uji wa mtoto, na harufu ile ya enzi za bibi ikanifikia, moshi wa mkwaju na uji wa mtama. Niliokota kijiti nikakiweka motoni. Hapo ndipo nikamwambia, kwa sauti ambayo sidhani aliisikia vizuri, kwamba waje.

"Tuje lini?"

"Leo."

Nimekuwa nikifikiri jioni hii yote. Nilidhani nawahifadhi wasafiri wa bibi, kumbe wale walikwisha pita siku nyingi. Hawa wa sasa hawajui hata rangi ya dari waliyolalia. Bibi aliwapenda wageni si kwa kuwa walikuwa wanaondoka. Aliwapenda kwa sababu kabla ya kuondoka walifika kweli, kila mmoja na kijiti chake.

Fundi ameahidi kubadilisha boriti ile kabla ya mvua. Walihamia alasiri, na vitu vyao si vingi.

Jua lilipokuwa linazama nilikumbuka mtungi wa bibi niliouacha mle nyumbani kwake, nikaufuata. Mlango ulikuwa umefungwa, na moshi ulikuwa ukitoka taratibu, kama zamani. Mkononi nilikuwa na kijiti. Sikumbuki nilikiokota wapi.

"Hodi," nikasema. Mlangoni pale sikuwahi kulisema neno hilo.

"Nani?" ikauliza sauti ya mtoto.

Nilisimama na kijiti changu. Mwenye nyumba? Jirani? Mjukuu?

"Mgeni," nikasema.