Pete ya Bunduki ya Baba

Clothilde rafiki yangu, uko wapi?? Nina hasira!

Bunduki ya marehemu baba imepasuka. Ile ya marisau ya kuwindia ndege, inayojikoki yenyewe. Miaka yote kinamasini haikuwahi kunisumbua!

Ni Wendell. Huyo huyo shemeji yangu. Wiki jana kaniomba aisafishe kabla msimu wa kuwinda bata haujafunguliwa. Na mimi mjinga nikampa.

Leo asubuhi tumefika naye kwa boti yangu, tumejificha kwenye matete, bata wanashuka, nikafyatua. Teke la bunduki lililonipata begani, sijawahi! Nikafyatua tena, KRAA! Kishikio cha mbele, ule ubao alioushika baba, kimepasuka toka mwanzo mpaka mwisho.

Nikaifungua pale pale. Pete ya shaba inayopunguza teke haipo. HAIPO.

"Wendell, pete iko wapi?"

"Ah, ile? Nilipomaliza kuifunga bunduki, kuna pete ikabaki. Nikaona haina kazi."

Nikaona haina kazi!!! Clothilde!!!

"Ukaitupa?"

"Nitupe kitu kizuri hivyo, shemeji? Si hii hapa." Anatoa funguo za gari lake. Kaitundika humo. Pambo!

Nikazipokea, nikapakia vitu botini, nikapanda, nikawasha injini, nikaondoka.

Sasa hivi kapiga simu, analia huko mateteni. "Shemeji, mbona umeniacha?"

Nikamwambia, "Nilipomaliza kupakia vitu, kuna mtu akabaki. Nikaona hana kazi."