Mazoezi ya Bibi Harusi Uani Kwetu

Nyumbani,
Jumapili asubuhi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umelala, maana dada alinieleza kwamba sasa unavuka sebule kwa magongo mawili na kurudi bila kumfokea mtu. Hilo la pili ndilo lililonifurahisha zaidi. Mguu unaendeleaje? Bado unakusumbua ukiamka? Na dada, bado anakulisha kana kwamba mfupa huungwa kwa kijiko? Mimi ni mzima. Mgongo tu unanilalamikia kwa kuinamia cherehani, lakini huo ni ugonjwa wa kazi, siwezi kumshtaki mtu. Nyumba ni salama, na mlango wa jikoni uliokuwa ukilia nimeupaka mafuta, sasa umenyamaza.

Najua hujali mlango. Unataka habari za farasi, ingawa katika barua yako ya mwisho ulijifanya humtaki. Uliandika mistari mitatu: kwamba Bibi Harusi achukuliwe na mwenye machimbo ya mchanga, kwamba mtu huyo atakuja Jumamosi, na kwamba nimkabidhi na matandiko yote. Wewe uliyempa jina hilo mwenyewe, kwa lile baka jeupe linaloshuka usoni kama shela, na kwa vile hatoki bandani mpaka watu wote wasubiri! Nilipoisoma nikajua bado una hasira naye kwa kukuangusha. Basi tulia nikueleze yaliyotokea tangu uondoke, maana Jumamosi yenyewe ilikuwa jana.

Uliniagiza mambo mawili: nimlishe na nisimguse. Wiki mbili za kwanza nilitii. Unanijua mimi na farasi. Miaka yote tumeishi ukuta mmoja katikati, yeye bandani, mimi karakanani na maturubai yangu. Nilikuwa namsukumia nyasi kwa reki kisha natoka mbio. Lakini mnyama alianza kuharibika. Alitafuna mlango wa banda, akawa anayumba kushoto na kulia kutwa nzima kama mtu anayebembeleza mtoto asiyelala. Nikamwita daktari wa mifugo. Akampima meno, kwato na tumbo, kisha akanipima mimi kwa macho. Akasema farasi hana ugonjwa wowote ila upweke.

"Mchezeshe," akaniambia. "Dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Si lazima umpande, wala huhitaji uwanja. Una ua, una kamba, una miguu."

Nikamwambia namwogopa. Akajibu kwamba hata farasi mwenyewe ananiogopa mimi ninayemtupia chakula na kukimbia, kwa hiyo wote wawili tuko darasa la kwanza.

Zoezi la mwanzo lilikuwa kurudi nyuma. Unasimama hatua mbili mbele yake, unatikisa kamba kidogo. Akirudisha hata mguu mmoja, unaacha papo hapo, unampumzisha, unamsifu. Mikononi mwa daktari ilikuwa rahisi kama kuzungusha kitasa. Alipoondoka nikatikisa kamba mpaka bega likaniuma, Bibi Harusi ananitazama tu. Nikaona huyu anahitaji msaada. Nikamwekea bega kifuani nikamsukuma kama gari lililozimika. Kaka, naye akaniegemea! Alifumba macho akanilalia na uzito wake wote, tukabaki tumekumbatiana pale mpaka yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya mbele akauliza juu ya ukuta kama tungependa kupigwa picha.

Siku ya nne ndipo nikagundua kosa langu. Nilikuwa natikisa bila kukoma, hata pale alipojaribu. Atajuaje amepatia, ikiwa kelele haziishi? Nilipojifunza kuacha kwa wakati, naye akaanza kurudi. Leo nikiinua kidole anarudi hatua tano, taratibu, mpaka mkia wake uguse mlango wa banda.

Tukaingia kwenye fimbo. Nilichukua fimbo nne za mapazia, nikazilaza chini kwa kuachanisha hatua moja ya kwake, ili azivuke bila kuzigusa. Ya kwanza aliikanyaga ikavunjika vipande viwili. (Pazia la chumba chako sasa limeshikwa kwa uzi, nivumilie.) Lakini akajifunza kutazama anapotua, akawa anainua miguu kama mtu anayevuka dimbwi na viatu vipya. Halafu zikaja ndoo mbili, tunazizunguka kwa njia ya namba nane, mimi mbele yeye nyuma. Daktari alinikataza kuvuta kamba. Alisema farasi hasomi mkono, husoma kiwiliwili; ukitaka kwenda kushoto, geuza kitovu chako kushoto. Nikamwambia kitovu changu hakijawahi kumwongoza mtu yeyote.

Lakini ni kweli! Kamba ikaanza kulegea, na juzi juzi niliivua kabisa. Nikatembea bila kutazama nyuma, nikasikia kwato zinanifuata. Nikigeuka anageuka, nikisimama anasimama. Nilisimama makusudi mara tatu ili tu nisikie naye akisimama. Sikujua, kaka. Miaka yote nilidhani unapoteza asubuhi zako.

Zoezi analolipenda kuliko yote ni la kizulia cha mlangoni. Anaweka kwato mbili za mbele juu ya kizulia, anatulia, anapewa kipande cha karoti. Hilo alilishika kwa siku moja tu. Bahati mbaya hakuna aliyemwambia kwamba kizulia chetu ni kimoja na vizulia vya watu ni vingi. Jumatatu moja niliacha lango wazi nikimpokea mteja wa turubai la lori. Kugeuka, ua mtupu. Nikatoka mbio barabarani na mkasi mkononi, watu wananipisha. Nikamkuta mlangoni kwa mwalimu, kwato mbili juu ya kizulia chake, shingo wima, adabu tele, anangoja haki yake. Mwalimu alifungua mlango akiwa na kikombe cha chai, wakatazamana. Aliniambia kwamba katika miaka thelathini na minne ya kufundisha hajapata kuona mwanafunzi anayefika kabla ya kengele. Tangu siku hiyo huja kila jioni na kigoda chake, ananihesabia hatua na kunisahihisha. Ualimu kumbe haustaafu.

Sasa nifike kwenye turubai, na hapa naomba usome polepole. Zoezi hili daktari hakunipa, nililitaka mwenyewe. Nilianza na kipande kidogo kama leso. Alipokiona aliruka nyuma, ngozi yote ikamtetemeka. Nikakiweka chini, nikakaa mbali naye nikaendelea kushona kwa mkono. Kesho yake akakinusa. Nikakikuza: leso, kitambaa cha meza, shuka. Akikaza shingo, nasimama pale pale. Akishusha kichwa na kupumua, naliondoa. Wiki ya tano alitembea juu ya turubai zima likilia chini ya kwato zake. Wiki ya saba nilimfunika nalo mgongoni siku ya upepo, likapepea huku na huku, naye anatafuna nyasi kama mteja anayepimwa koti.

Ndivyo tulivyoifikia jana. Mwenye machimbo alikuja na lori lenye turubai lililochanika, linapiga makofi njia nzima. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Bibi Harusi alikuwa amegeuza sikio moja tu. Yule bwana, mtu mnene wa maneno machache, akaniuliza kama kweli huyu ndiye farasi kichaa aliyeambiwa habari zake. Akamwona akirudi nyuma kwa kidole, akamwona akivuka fimbo, akampapasa miguu yote minne.

"Huyu atanifaa kuliko nilivyodhani," akasema. "Wiki hii hii anaanza kuvuta mkokoteni wa mchanga."

Kaka, nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nilimfundisha ili asiogope, kumbe nimemfanya atamaniwe. Mwalimu alikohoa kwenye kigoda chake. Farasi ni wako, na amri yako ilikuwa mfukoni mwangu kwa mwandiko wako. Hata hivyo nikamwambia yule bwana kwamba leo hamchukui. Akauliza kwa nini, mwenyewe si amekubali? Nikasema mwenyewe amekubali kwa kuwa farasi huyu alisingiziwa, na aliyenyamaza wakati anasingiziwa ni mimi.

Akanitazama kidogo. "Basi mwambie mwenyewe," akasema. "Nitapita Jumamosi ijayo nisikie jibu lake." Akapanda lori lake akaondoka. Si mtu mbaya.

Basi nakuambia. Asubuhi ile uliyoanguka, Bibi Harusi hakupatwa na wazimu. Jioni ya siku iliyotangulia ulinikanya nisikung'ute maturubai unapopita na farasi, na ulinikanya kwa sauti, mbele ya wateja wangu wawili, kana kwamba mimi ni mtoto. Nililala nimenuna, nikaamka nimenuna. Asubuhi nilikuwa nyuma ya ukuta wa karakana, turubai jipya mikononi, limejaa vumbi la chaki. Nikasikia kwato zinatoka bandani kwenda langoni. Nilijua ni ninyi. Ningehesabu mpaka ishirini mngekuwa mmepita. Badala yake nikasema moyoni, hii ni nyumba yangu pia, nikalikung'uta juu ya ukuta kwa nguvu zangu zote. Lililia kama bunduki. Lilikuwa nyuma yenu, hukuliona, na mlio wenyewe ulidhani umetoka barabarani. Kisha nikakusikia ukianguka.

Sikutaka uumie, Mungu ni shahidi wangu. Nilitaka ukasirike tu, kama nilivyokuwa nimekasirika mimi. Hospitalini mjomba akasema farasi ana kichaa, dada akaitikia, na wewe kwa maumivu yako ukasema hujui ni kitu gani kilimwingia. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika mfuko wa nguo zako. Ilikuwa zamu yangu kusema, nikaiacha ipite. Kesho yake ikawa vigumu zaidi, na wiki iliyofuata uliponishukuru kwa kukufulia nguo, niliinama nikaendelea kuzikunja.

Kulisema jambo hili nimejizoeza kama vile nilivyomzoeza yeye. Kwanza nilimwambia farasi mwenyewe, asubuhi moja nikimpiga brashi. Akapiga chafya akanilowesha uso mzima, nikaona ni haki yangu. Pili nilimwambia mwalimu, naye akaniuliza nasubiri nini. Wewe ni wa tatu, na ulipaswa kuwa wa kwanza. Nisamehe kwa kuanguka kwako, na nisamehe zaidi kwa miezi hii ya ukimya.

Sikuombi uamue haraka. Hasira ni yangu, nitaipokea nzima nzima, ila usimgawie yeye hata punje. Ukiona bado aende machimboni, nitampeleka mwenyewe kwa miguu, nimweleze yule bwana kila anachokijua Bibi Harusi, ili asije akavutwa na mtu asiyejua kuacha. Ukiona abaki, daktari ana zoezi linalomfaa mtu wa magongo. Unakaa kwenye kiti katikati ya ua, kamba ndefu mkononi, yeye anakuzunguka. Anaenda mwendo wa pole, wewe unashusha pumzi, anasimama. Basi. Unajaribu tena upande wa pili. Daktari anasema hata mtu aliyeapa kutopanda tena anaweza kufanya hivyo maisha yake yote, na farasi hatajiona amepungukiwa na kitu. Jana jioni nilijaribu nikiwa nimekaa. Alizunguka mara sita, ya saba akaja akaweka kidevu begani mwangu.

Nisalimie sana dada, na mwambie nitampigia mwenyewe kumweleza habari hii, asiisikie kwako akadhani nimejificha. Msalimie shemeji na wote waliopo hapo. Mwalimu naye anakupa pole, na anauliza utarudi lini.

Ukitaka kunigombeza, piga simu asubuhi. Mchana cherehani inapiga kelele, nami nataka kusikia kila neno.

Ni mimi mdogo wako,
mshona maturubai