Chumvi ya Pongo

Jumamosi, 4 Mei

Siafu tena. Wameingia ndani ya suruali hadi kiunoni na sikuweza kusonga, kwa sababu pongo jike, yule swala wa msituni, alikuwa hatua ishirini kutoka kwangu, akilamba chumvi. Niliuma mkono wa sweta nikavumilia. Picha tisa, tatu safi.

Kila nikija kutoka Kitale nabeba mkebe wa chumvi ya ng'ombe, naimwaga chini ya mti ulioanguka, msituni kando ya mto Nzoia. Miezi mitatu sasa. Siku hizi anafika kabla ya saa moja asubuhi kama mwalimu wa zamu. Ana maziwa. Ana mtoto, na amemficha. Pongo humficha mtoto wake miezi, humwendea tu kumnyonyesha. Nataka picha ya hao wawili pamoja. Sitaki kitu kingine, na nina miaka arobaini na minane, kwa hivyo najua ninachosema.

Jumapili, 5 Mei

Sikuenda kanisani. Nimelala kwa Simiyu, ndugu yangu mdogo. Shamba lake ndilo limepakana na msitu. Mkewe, Nelima, alinipa ugali na mboga ya murere. Simiyu alikula haraka, akarudi shambani. Maharagwe yake ya upande wa chini yameliwa hadi shina. Aliyeyala namjua, nina picha zake. Nikanyamaza kama mwizi.

Jumamosi, 11 Mei

Pongo dume amekufa. Kitanzi cha waya wa klachi ya pikipiki, kimefungwa kwenye mti mchanga, karibu kabisa na chumvi yangu. Alijinyonga akizunguka. Waya umekata shingo hadi kooni. Udongo wote umechimbwa kwa kwato. Alipigana muda mrefu, na mshenzi aliyetega hakuwepo hata kumsikia.

Nimeng'oa vitanzi vinne. Mikono imechanika. Ningempata mwenyewe ningemvalisha kimoja. Naandika hivyo na sijuti.

Nikamwaga chumvi kama kawaida.

Alhamisi, 16 Mei

Studio. Picha za pasipoti kutwa nzima. Mteja mmoja alilalamika kwamba nimemzeesha. Nikamwambia akatafute uso mwingine. Hasira haina pa kwenda.

Simiyu alipiga simu. "Dada, ile nyama yako inakura maharagwe yangu bana. Lakini chumvi usiache, tafadhali. Utakuja lini?" Nadhani anataka chumvi imtoe pongo shambani. Nikafurahi kwamba hatimaye ndugu yangu amenielewa. Nikamtajia siku.

Jumamosi, 25 Mei

Alimleta. Mtoto mwekundu, madoa meupe mgongoni, kama wa miezi minne. Akaweka pua kwenye chumvi, akapiga chafya. Nilipiga picha, nikalia, nikapiga.

Halafu mbwa. Watano, kimya. Mbwa wa kuwinda habweki mpaka ashike. Wa kwanza alimshika mama kiweleni. Kabla hajashikwa mama angeweza kukimbia, alikuwa na nafasi, nimeiona kwenye picha. Hakukimbia. Alisimama kati yao na mtoto, akainamisha kichwa kana kwamba ana pembe. Jike hana pembe. Wakampasua tumbo akiwa bado amesimama. Wanaume watatu wakatokea na rungu na mkuki. Mmoja alikuwa Simiyu. Rungu la kwanza halikumuua. La pili pia. Niliusikia mfupa.

Mtoto sikuona alikokimbilia.

Na mimi? Kidole hakikutoka kwenye kamera. Picha thelathini na moja. Sikupiga kelele hata moja. Na ni picha nzuri. Mungu anisamehe, ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Siku hiyo hiyo, saa kumi

Simiyu amekuja na paja, limefungwa kwa majani ya mgomba. Akanipa kwa mikono miwili. Wawindaji wa kwetu wana sheria yao: aliyemzoesha mnyama mahali hupewa paja la nyuma. Hata baba aliifuata.

"Chukua, dada. Bila chumvi yako si tungezunguka hii msitu mwaka mzima."

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa ananipa heshima yangu. Miezi mitatu walidhani nawavutia nyama, na kwamba kamera ni ya kuwapumbaza askari wa wanyama. Hawakuona sababu nyingine ya mtu mzima kumpa mnyama wa porini chumvi. Ile mitego ilikuwa ya mtu mwenye haraka, akasema. Wao walingoja, kwa adabu, mpaka nimalize kumzoesha.

Nikampiga na stendi ya kamera. Kichwani, mara mbili. Mara ya pili alikuwa ameshapiga magoti, bado ameshika paja. Ningeendelea. Nelima ndiye aliyenivuta.

Jumatatu, 27 Mei

Simiyu ameshonwa nyuzi tisa. Kule zahanati ya Naitiri amesema alianguka na baiskeli. Sikio la kushoto halisikii vizuri. Nilimbeba mgongoni huyu, akiwa na surua, mama akiwa sokoni Ndalu.

Nelima hakunikaribisha kiti. "Alikuletea nyama na mikono miwili, ukampasua. Usirare kwangu tena."

Nilimpiga Simiyu kwa sababu alisema kweli.

Picha nimezifuta. Zile thelathini na moja, na za mtoto pia. Nilipofuta za mtoto niliumia zaidi kuliko nilipoona damu ya Simiyu. Naliandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekuja bila kamera. Ukungu. Nimechimba ule udongo uliolowa chumvi, magunia mawili, nikautupa mtoni. Nilipomaliza nikaketi kwenye ule mti ulioanguka.

Akaja. Mtoto yuko hai. Mbavu zinahesabika, lakini anakula majani. Akanusa shimo nililochimba. Halafu akainua kichwa, akaniona, na hakushtuka. Kwake mimi ndiye chumvi. Hivyo ndivyo nilivyomfunza mama yake, na mama akamfunza. Akaja hatua moja. Akaja nyingine. Pua yake ilikuwa na maji. Ningenyoosha mkono ningemgusa.

Nikaokota jiwe, ajifunze kuogopa watu. Lilimpata ubavuni. Alilia kama mbuzi, akaruka nyuma, akasimama. Akaendelea kunitazama.

Nikaokota jingine, kubwa zaidi.