Begi la Kwenda Kutazama Kasa

Shoga, uko? Siamini!

Mume wangu, huyu huyu anayeruka akiona mjusi, kachagua kisiwa cha mbali kisicho na kitu ila kasa na ndege. Eti tukapumzike taratibu. Nikajisemea, hapa kuna jambo.

Leo nanyanyua begi lake, halinyanyuki! Nafungua: spana, bisibisi, mtungi wa gesi ya friji. Shoga, kasa wanajazwa gesi?

Mara simu yake ikaita, nikapokea mimi. Mwenye hoteli ya kisiwani: "Fundi, friji zote zimekufa, tunakusubiri!"

Nikamwambia mimi ni mkewe.

Akafurahi huyo! "Ahaa, kumbe wewe ndiye fundi wetu wa mapazia! Cherehani unakuja nayo?"

Cherehani, shoga. Likizoni!